Mkate wa Tini wa Mfalme Hezekia



Mwezi huu twawaomba mfungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, mstari wa 1 hata wa 7, mkaisome habari hiyo wenyewe kabla ya kuendelea na maneno yetu. Mwaijua. Mfalme Hezekia aliugua ugonjwa wa kufa, na nabii Isaya akamletea habari kwamba hataishi. Mfalme akageukia ukutani, akaomba, akalia sana. Isaya hajafika mbali akarudishwa na neno jipya: maombi yamesikiwa, mfalme atapona, siku ya tatu ataingia nyumbani mwa Bwana, tena ataongezewa miaka 15. Hapo wahubiri wengi hufunga kitabu, wakasema, Tazameni nguvu ya maombi. Nasi tumefanya hivyo mara nyingi. Lakini habari haikuishia hapo. Baada ya ahadi ile Isaya aliagiza uletwe mkate wa tini, nao watumishi wakautwaa, wakauweka juu ya jipu, mfalme akapona.

Basi, mkate ule ulikuwa wa nini? Ikiwa Mungu amekwisha kusema kwamba mtu atapona, tini zina kazi gani tena? Hezekia angaliweza kujibu kwamba yeye ana ahadi, wayaondoe matunda yao. Hakusema hivyo. Alilala akawaacha watumishi wamfunge dawa, mfalme yule yule aliyelia mbele za Mungu. Wala nabii hakuona haya kuagiza dawa baada ya kutoa unabii. Tena tuangalie kwamba mkono uliouweka mkate ule haukuwa wa Isaya, wala wa mfalme, bali wa watumishi ambao majina yao hatukuachiwa.

Tumeikumbuka habari hii kwa sababu ya barua. Mwinjilisti mmoja wa upande wa Busokelo alituandikia kwamba katika mtaa wake wako wazazi waliowaficha binti zao siku walipokuja watu wa chanjo shuleni. Mwajua ya kuwa nchi yetu huwachanja wasichana wa miaka 9 hata 14 kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, na tangu Aprili 2024 dozi ni moja tu. Saratani hiyo ndiyo iuayo wanawake wengi wa Tanzania kuliko saratani zote. Mwinjilisti aliwauliza wazazi wale sababu, nao wakamjibu: Wakati wa korona waliochanjwa waliugua vilevile, basi chanjo zote ni udanganyifu. Naye hakujua awajibu nini, akatuuliza sisi.

Ndugu, neno hili halikuanza Busokelo, wala hatuwezi kulijibu bila kurudi katika miaka ile.

Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana Arusha. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli aliliita taifa katika siku 3 za maombi, tarehe 17 hata 19 Aprili, nasi wa Tukuyu tulipiga magoti pamoja na wengine, wala hatuyajutii maombi yale hata leo. Makanisa hayakufungwa. Lakini mwezi wa Mei hesabu za wagonjwa zilikoma kutangazwa, na watu wengi wakadhani kwamba pasipo hesabu hapana ugonjwa. Mwisho wa Januari 2021, Maaskofu Katoliki walipokuwa wamekwisha kuwaonya watu wao wajihadhari, Rais alisema huko Chato kwamba chanjo hazifai, maana kama Wazungu wangaliweza, wangalikwisha kuvumbua chanjo ya UKIMWI na ya malaria. Februari Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, alitangaza kwamba serikali haina mpango wa kuleta chanjo. Tarehe 17 Machi Rais Magufuli akafariki dunia, kwa ugonjwa wa moyo kama ilivyotangazwa. Rais Samia Suluhu Hassan aliyemfuata akaunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021, wimbi la tatu likiwa limepanda, alichanjwa yeye mwenyewe Ikulu ya Dar es Salaam mbele ya watu wote. Dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo ya Janssen zilikuwa zimewasili kutoka Marekani. Waziri yule yule sasa aliwasihi watu wachanjwe. Na Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa mbunge wa Kawe wakati ule, akahubiri kanisani kwake kwamba yeye hachanjwi. (Majina yao ya ukoo ni mamoja. Tuliwaona wazee wawili hapa Tukuyu wakibishana kitambo kirefu, kumbe kila mmoja anamsema Gwajima wake.)

Hatuyataji haya ili tumhukumu marehemu, wala aliye hai. Twayataja kwa kuwa mtu wa kijijini aliyesikia hapana mwezi wa Februari, na ndiyo mwezi wa Julai, na midomo ni ile ile, haifai kumwita mjinga akisita. Alisita kwa haki. Alihitaji mtu wa karibu, anayemjua, amweleze jambo hilo polepole. Na mtu wa karibu ni nani vijijini kwetu, kama si mchungaji na mwinjilisti?

Hapa yatupasa kuungama. Mwisho wa Agosti mwaka ule mzee mmoja wa usharika, mwenye ugonjwa wa kisukari, alitungoja nje ya kanisa baada ya ibada. Akavua kofia yake, akauliza, “Baba Mchungaji, nichanjwe, au nisichanjwe?” Tukamjibu, “Mzee wangu, kila mtu na dhamiri yake. Liombee jambo hilo.” Jibu likasikika kuwa la kiroho. Ukweli ni kwamba baraza letu la wazee lilikuwa limegawanyika, nasi hatukutaka ugomvi. Akashukuru, akaenda zake. Yeye hakuchanjwa. Kabla ya majuma 6 kupita alishikwa na kifua, akapungukiwa na pumzi, tukamzika karibu na migomba yake katika ukungu wa asubuhi, na umati mkubwa umekusanyika kama ilivyo desturi ya misiba yetu. Lililo baya zaidi ni hili: sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuchanjwa siku 4 kabla ya kuulizwa, wala hatukumwambia.

Hatusemi kwamba chanjo ingalimwokoa kwa hakika. Siku za mtu zi mikononi mwa Mungu. Twasema kwamba alikuja kuuliza ulipo mkate wa tini, nasi tulikuwa tumekwisha kuula, tukampa nusu ya habari ya Hezekia.

Sasa turudi kwenye swali la wazazi, maana si swali la kupuuza. Ni kweli kwamba waliochanjwa waliugua. Je, chanjo haikufaa? Chanjo ya Janssen ilijaribiwa kwa watu karibu 44,000 katika Marekani, Amerika ya Kusini na Afrika Kusini. Nusu yao walichomwa chanjo, nusu maji ya chumvi, wala hakuna aliyeambiwa amechomwa kipi. Kisha waliougua wakahesabiwa. Ilionekana kwamba tangu siku ya 28 chanjo ilipunguza ugonjwa wa kadiri na ule mkali kwa sehemu 66 katika 100, na ugonjwa mkali peke yake kwa sehemu 85 katika 100. Wako waliosoma 66 wakapiga kelele: Basi 34 watakufa! Sivyo hata kidogo. Maana yake ni hii: tuseme viko vijiji viwili vilivyo sawa kwa kila jambo, na katika kile kisichochanjwa watu 100 wamelazwa kwa ugonjwa mkali. Katika kile kilichochanjwa watalazwa 15 hivi. Hao 15 wapo, na jirani zao watawaona, watawanyoshea kidole wakisema, Huyu naye alichanjwa! Lakini wale 85 wasiolazwa hakuna awaonyeshaye, maana wamo shambani wanapalilia viazi. Jicho la mwanadamu huona jeneza, halioni jeneza lisilochongwa.

Tena ugonjwa wenyewe ulibadilika sura mara kwa mara, na kinga ya kuzuia maambukizo ilipungua kadiri miezi ilivyopita, ingawa kinga ya kuzuia kifo ilidumu zaidi. Sisi watu wa Tukuyu twajua mvua. Nani kati yenu amebomoa paa la bati kwa sababu lilivuja tone moja usiku wa dhoruba?

Wala tusifiche kwamba chanjo ile ilikuwa na hatari yake. Watu wachache sana waliganda damu kwa sababu yake, na Aprili 2021 Marekani waliisimamisha siku 10, wakachunguza, kisha wakairuhusu tena. Mtu akikuuliza hilo, mwinjilisti, usilikane. Ukilikana naye amekwisha kulisikia kwingine, hatakuamini tena hata ukimhubiri Injili.

Neno jingine lisemwalo ni kwamba chanjo ni kitu cha Wazungu. Msikie habari ya Boston, katika Marekani. Mwaka 1721 ndui iliingia katika mji ule. Palikuwa na mtumwa, Mwafrika, jina lake Onesimo. Ndivyo alivyoitwa na bwana wake, mchungaji Cotton Mather, kwa jina la yule mtumwa wa Filemoni. Onesimo alikuwa amemweleza bwana wake kwamba kwao Afrika mtu huchanjwa ngozi, akatiwa kidogo usaha wa ndui, akaugua kidogo, kisha haipati tena. Mather akalieneza neno hilo, na tabibu Zabdiel Boylston akalitenda. Mji ukawaka kwa hasira. Wengine walisema ni kumjaribu Mungu, na mtu mmoja akatupa bomu dirishani kwa Mather usiku. Ndui ilipokwisha wakahesabu: katika watu karibu 6,000 walioipata kwa njia ya kawaida walikufa zaidi ya 800, katika 240 na zaidi waliochanjwa walikufa 6. Mwaka 1796 Edward Jenner wa Uingereza alipata njia iliyo salama zaidi, kwa kutumia ndui ya ng'ombe. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui katika jamii alikuwa Msomali wa Merka, mwaka 1977. Basi jambo hili lina mkono wa Mwafrika tangu mwanzo, tena mkono uliofungwa minyororo.

Na kuhusu kumjaribu Mungu, baba yetu Martin Luther alikwisha kujibu. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Yeye hakukimbia, alibaki kuwahudumia wagonjwa, na mkewe Katharina ni mjamzito. Lakini katika waraka aliouandika mwaka ule juu ya tauni aliwakemea vikali wale waliodharau dawa na kujitia hatarini wakidai kwamba ni imani. Kwake, asiyejikinga huenda akawa mwuaji wa jirani yake. Ndiyo njia aliyoonyeshwa Bwana wetu na Shetani juu ya kinara cha hekalu, ajitupe chini malaika wamdake, naye akaikataa.

Twastaajabia jambo moja hapa kwetu. Kuku zetu twazitia tone la chanjo jichoni kila miezi mitatu, zisife kwa mdondo. Ng'ombe wa maziwa twamlipia chanjo ya ndigana bila kunung'unika. Kuku akifa baada ya tone, hatusemi kwamba dawa imeletwa na Mpinga Kristo. Twauliza kama ilikaa juani. Bali binti, aliye thamani kuliko zizi zima, ndiye tunayemficha nyuma ya ghala.

Kwa mwinjilisti wetu twajibu hivi. Nenda kwa wazazi wale nyumba kwa nyumba, si madhabahuni, maana aliyeonywa mbele ya watu hutafuta kushinda, si kuelewa. Sikiliza kwanza. Wakiwa na swali usilolijua, liandike, umpelekee mwuguzi wa zahanati, urudi na jibu. Kama wewe mwenyewe una binti wa umri huo, waambie umemfanyia nini. Omba pamoja nao kabla ya kuondoka, wala usiyafanye maombi kuwa njia ya kukwepa swali, kama tulivyofanya sisi.

Mjane wa mzee yule tulimwendea mwaka jana, tukamwambia yote tuliyoyaandika hapa kabla ya kuyaandika. Alinyamaza kitambo. Kisha akaingia ndani, akamwita mjukuu wake wa miaka 11, akatuuliza ni siku gani wauguzi watakuja tena shuleni.