Ushahidi wa Maumivu

Mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii husemwa pwani nzima, toka Lamu hadi mlango wa mto Ruvuma, na kila mtu anaielewa: asiyesikia maneno atasikia kidonda. Nyuma yake ipo imani kwamba maumivu ni mwalimu. Nataka kuihoji imani hiyo, na nitaihoji kwa kitu kile kile kilichotajwa na methali, hasa wembe unaofungwa kwenye mashine ya mkono yenye gurudumu la kuongeza na kupunguza ukali. Mtu anayenyolewa Rahaleo, Shangani au Chikongola, hapa Mtwara, anaweza asiwe amewahi kuishika mashine hiyo, maana katika saluni zetu nyingi kichwa hupitishwa mashine ya umeme na ndevu huchongwa kwa wembe uliovunjwa nusu. Hata hivyo swali linalotokana nayo linamhusu yeyote anayewekewa chuma kwenye ngozi: inapouma, tumejua nini?

Mashine yenyewe haina mambo mengi. King Gillette alipata hataza yake Marekani mwaka 1904 kwa wembe mwembamba wenye makali pande mbili, unaobanwa kati ya kifuniko na bamba la chini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni yake ikatoa mashine yenye gurudumu la namba 1 hadi 9 chini ya kichwa. Ukilizungusha, bamba la chini linasogea, na pengo kati yake na makali linapanuka au kufinyika. Wembe una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na matundu yake hayana budi kuwa mapana kidogo kuliko vijiti vinavyoushikilia, la sivyo usingeingia. Nafasi hiyo ndogo inatosha kuufanya wembe ukae mshazari: upande mmoja ukatokeza, wa pili ukajificha. Upande uliotokeza unauma ngozi, ule uliojificha unakwaruza tu bila kukata. Mnyoaji anahisi mkwaruzo, na mkono wake unakimbilia gurudumu. Akiongeza namba, pengo linapanuka pande zote mbili na upogo unabaki pale pale, isipokuwa sasa upande mkali umezidi kuwa mkali. Akipunguza, maumivu yanapungua na ndevu zinabaki, naye anarudia kupitisha wembe mara tatu au nne mahali pamoja mpaka ngozi inachubuka. Alishika gurudumu kwa kuwa lilikuwa karibu na kidole chake, si kwa kuwa alijua tatizo liko hapo.

Tazama jinsi hisia moja inavyoweza kuwa na wazazi wengi. Wembe ukiisha makali unavuta ngozi. Ndevu zisipolowa vya kutosha zinavuta vile vile, kwa sababu unywele mkavu ni mgumu kuliko ule uliokaa dakika mbili tatu kwenye maji ya moto. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa hayatoi povu zuri, na bila povu chuma kinatembea juu ya ngozi tupu. Mkono ukiinua mpini au kuushusha kupita kiasi, makali hayakuti unywele katika pembe yake ya takriban nyuzi 30. Mabaki ya sabuni yaliyoganda chini ya bamba yanauinua wembe upande mmoja. Na kwa sisi wenye nywele za kujikunja, unywele uliokatwa chini mno unageuka na kuchoma ngozi kutoka ndani, vikatokea vipele vya ndevu, ambavyo wengi huvitibu kwa kunyoa chini zaidi. Sababu zote hizi, zikifika kwenye shavu, zinasema neno moja tu: panauma. Maumivu ni shahidi aliyesikia kelele gizani. Anaweza kuapa kwamba kuna jambo limetokea, lakini huwezi kumuuliza nani kafanya. Na shahidi huyu ana aibu kubwa zaidi. Dhara baya kuliko yote ambalo wembe unaweza kumfanyia mtu, yaani kumwambukiza virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI kwa kutumiwa na watu wawili, haliumi hata kidogo. Wembe mkali, uliokaa sawasawa, uliotoka kwenye shingo ya mtu mwingine, unapita kama maji. Aliyefundishwa na maumivu peke yake angeusifu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: maumivu yanatudai tutafute chanzo, lakini hayatupi chanzo, na anayeongeza nguvu au kutoa lawama kabla ya kutafuta anafanya dhuluma, hata kama ni dhuluma ndogo ya kidevuni. Kutafuta huko ni sehemu ya dini, wala si ufundi mtupu. Wanazuoni wa misingi ya fikihi, wakiwemo wa madhehebu ya Imamu Shafii yaliyoenea pwani yetu yote, walikabiliwa na tatizo la namna hii katika sheria. Hukumu ipo, lakini sababu yake haikutajwa, utaijuaje? Njia mojawapo waliiita as-sabru wat-taqsimu: unaorodhesha sifa zote zinazoweza kuwa sababu, kisha unaipima moja moja na kuiondoa isiyofaa mpaka ibaki inayostahili. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijadili katika al-Mustasfa. Njia nyingine ni kuangalia kitu kinachokuwepo pamoja na hukumu na kuondoka pamoja nayo. Watu hawa hawakuwa wakinyoa ndevu walipoandika hayo. Walikuwa wakiogopa kumsingizia Mwenyezi Mungu sababu ambayo hakuikusudia. Kwangu mimi hofu hiyo ndiyo adabu inayotakiwa mbele ya kosa lolote.

Ilete adabu hiyo kwenye mashine uone inavyofanya kazi. Kwanza uliza kama mkwaruzo uko pande zote mbili za wembe au upande mmoja. Ukiwa pande zote, upogo si mshitakiwa wa kwanza. Mtafute katika makali, maji, povu na pembe. Ukiwa upande mmoja, isimamishe mashine mbele ya mwanga, itazame kwa juu, na linganisha ukanda mwembamba wa chuma unaotokeza kila upande, mwanzo wake na mwisho wake. Ukiona tofauti, legeza, shika wembe kwenye ncha zake fupi zisizo na makali, uusogeze, kisha kaza ukiwa bado umeushikilia. Tofauti ikirudi, utoe wembe, ugeuze nusu duara, uurudishe. Kama sehemu iliyotokeza imehama pamoja na wembe, basi wembe wenyewe ulipigwa vibaya kiwandani. Kama imebaki upande ule ule wa mashine, kosa liko kwenye kifuniko au vijiti vyake, na hata ukinunua pakiti kumi za wembe utapoteza pesa bure. Jaribio hili linachukua muda mfupi kuliko kusugua sabuni. Hapa sababu imepatikana kwa sababu kitu kimoja kilibadilishwa na vingine vyote vikaachwa vilivyo. Anayebadilisha wembe, sabuni na namba ya gurudumu kwa wakati mmoja anaweza kupona, lakini hatajua kilichomponya, na keshokutwa atarudi alipokuwa.

Ni kweli kwamba wakati mwingine sababu si moja. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao kuhusu wembe unavyoisha. Chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele karibu mara 50, na kwa hiyo tulidhani makali husagika polepole kama kisu kinavyosagika. Walichokiona kwenye hadubini ni vibanzi vidogo vikimeguka, na vilimeguka pale tu mambo kadhaa yalipokutana: unywele uliokuwa na nafasi ya kupinda, ukagusa makali kwa pembe fulani, mahali ambapo chuma chenyewe hakikuwa na umbile moja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotosha peke yake. Baadhi ya wasomaji wataona hapa hoja yangu inabomoka, kwamba utafutaji wa chanzo ni ndoto. Mimi naona inaimarika. Kama hata kuisha makali, jambo tulilolijua toka utotoni, kunahitaji hadubini ili kueleweka, basi anayedai kwamba shavu lake limemweleza kila kitu ana kiburi asichokiona.

Mkoa huu wa Mtwara una mfano mkubwa kuliko wa ndevu. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alikuta kanisa limekwama juu ya jando. Kulikuwa na wamisionari walioliona lote kuwa upagani wa kupigwa marufuku, nao wazazi wa Kiyao na Kimakua hawakuweza kukubali watoto wao wakue bila kuingia. Lucas aliuliza ni kipi hasa ndani ya jando kinachogongana na imani: tohara, kambi, mafundisho ya heshima, au matambiko? Alibakisha alichoona hakina ubaya, akaingiza sala za kanisa mahali pa yale aliyoyakataa, na jando la Kikristo likazaliwa. Unaweza kumlaumu kwamba mgeni ndiye aliyeshika mizani ya kugawa, na lawama hiyo ina uzito, kwa sababu mgawaji huona kwa macho ya kwao. Lakini kule kukataa kuzungusha gurudumu la marufuku mpaka mwisho kabla ya kujua kosa liko wapi kulikuwa sahihi, na kungekuwa sahihi zaidi kama wazee wa jando wangekalishwa naye mezani tangu siku ya kwanza.

Pingamizi zito zaidi linatoka msikitini. Ngozi ni kadari, atasema mtu; wengine wameumbwa na nyuso laini na wengine za vipele, na kuhangaikia milimita ni kutoridhika na aliyopanga Mungu. Jibu naliazima kwa Ghazali huyo huyo. Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa alikana kwamba moto lazima uchome pamba. Alisema ni Mungu anayeuumba mguso wa moto na kuungua kwa pamba vikifuatana, na mwanafalsafa Ibn Rushd akaja kumjibu vikali. Lakini hata Ghazali, aliyeivunja lazima ya sababu, hakumwambia mgonjwa aache dawa. Alisema Mungu ana desturi katika uumbaji wake, na sisi tunaishi kwa kuifuata desturi hiyo. Wembe uliokaa mshazari kuuma upande mmoja ni sehemu ya desturi hiyo. Kuusoma ni kusoma kazi ya Mungu, na anayeita kadari kile ambacho bado hajakitazama mbele ya mwanga ameliweka jina la Mungu juu ya uvivu wake.

Wapo pia watakaosema haya ni wasiwasi, maradhi ambayo dini yenyewe inayakemea kwa mtu anayetawadha mara saba akidhani hakulowa. Nakubali hatari hiyo ipo. Mpaka wake umewekwa na kanuni ya fikihi kwamba yakini haiondolewi na shaka: wembe ukipita bila kuvuta, ngozi ikabaki salama, na wembe ni wako peke yako, basi kazi imekwisha, usiufungue tena kutafuta kasoro. Utafutaji ninaoutetea unaanzia kwenye dhara na unakoma dhara linapokoma. Na wanaosema haya ni mambo ya wenye nacho, kwamba mtu wa wembe wa shilingi mia hana gurudumu la kuzungusha, wamesahau kwamba kutazama mbele ya mwanga ni bure, na kwamba asiye na pesa ya wembe wa pili ndiye anayehitaji zaidi kujua kama wa kwanza kweli umekwisha.

Limebaki pingamizi la nia. Matendo huhesabiwa kwa nia, na kinyozi aliyekuchubua hakukusudia. Hili ni kweli kuhusu thawabu na dhambi yake, lakini fikihi haikuishia hapo. Mtume alifundisha, katika hadithi ya Shaddad bin Aws iliyomo katika Sahihi ya Muslim, kwamba wema umefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuchinja, na akaagiza kisu kinolewe ili mnyama asiteseke; agizo linahusu hali ya chuma, halikutosheka na moyo wa mchinjaji. Wanazuoni wakaenda mbele zaidi kwa tabibu, mpiga chuku na ngariba: aliye na ujuzi na asiyevuka mpaka hana dhamana ya madhara yatokeayo, lakini aliyejitia kazini bila kujua analipa, hata kama alikuwa na nia njema kuliko watu wote. Swali linaloniuma ni la mtu wa katikati, yaani kinyozi anayejua kazi yake vizuri, ambaye asubuhi hiyo hakuutazama wembe kama umekaa sawa, au hakuubadilisha baada ya mteja aliyetangulia. Ujuzi anao, hakuutumia. Mimi namhesabu pamoja na asiyejua, na dhamana ni yake, kwa sababu elimu iliyoachwa mfukoni haikumkinga aliyeketi kwenye kiti.