Mbwa wa Televisheni na Mbwa wa Mlangoni

Katika lugha yetu ya Kiswahili mbwa hakupewa cheo. Tutakapo kumtusi mtu, humwita mbwa. Asiye na kwao wala wa kumtetea, tunamwita mbwa koko. Wahenga nao walipotaka kutuonya juu ya kuzoeana na asiyefaa, walisema kwamba achezaye na mbwa mwisho huingia naye msikitini. Lakini mnyama huyo huyo tunayemtusi mchana ndiye tunayemkabidhi roho zetu na mali zetu usiku, tukalala fofofo ilhali yeye yu macho kwa ujira wa makombo.

Tumeanza na jambo hili kwa kuwa swali tunalotaka kulijadili linatokana nalo. Je, vile vipindi vya televisheni vinavyoonyesha watu halisi wakiwaokoa mbwa waliotupwa, waliojeruhiwa au walioteswa, vyafaa kutazamwa na jamaa nzima, wazee kwa watoto, wakiwa wameketi sebule moja? Yumkini wapo watakaosema kuwa taifa lina mambo makubwa kuliko haya. Sisi twaona kwamba utamaduni wa taifa haufinyangwi na ngoma na mashairi peke yake. Hufinyangwa pia na yale ambayo watoto huyatazama usiku baada ya chakula, na zaidi na majibu ambayo wazazi huwapa wakiuliza.

Sisi tuliokuwa wanafunzi katika miaka ya 1980 tulijua televisheni kuwa ni kitu cha Zanzibar, ambako ilianza mwaka 1973. Huku Bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Leo, katika Mkoa wetu wa Songwe uliozaliwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hakuna mtaa usio na king'amuzi, na kijana asiye na king'amuzi anayo simu ya mkononi. Picha kutoka Marekani na Uingereza huingia Tunduma bila kusimama katika mstari wa forodha, ilhali malori yaendayo Zambia na Kongo husimama siku nzima yakingoja zamu.

Tuvieleze vipindi vyenyewe kwa wasiovijua. Huko Marekani, tangu mwaka 2009, kituo cha Animal Planet kilionyesha kipindi kiitwacho Pit Bulls & Parolees, kinachohusu makao ya kulea mbwa wanaoogopwa na watu, ambako kazi hufanywa na wafungwa walioachiliwa kwa masharti kabla ya kumaliza vifungo vyao. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 2012, Paul O'Grady aliongoza kipindi kilichopigwa picha katika makao ya mbwa ya Battersea, London. Makao hayo yalianzishwa mwaka 1860 na mwanamke aitwaye Mary Tealby, kwa ajili ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Mpango wa vipindi hivi hufanana: mbwa huletwa akiwa taabani, hutibiwa, hulishwa, huanza kumwamini mtu, na mwisho hupata nyumba. Mtazamaji hufuta chozi na kwenda kulala akiwa na moyo mweupe.

Basi, vyafaa au havifai?

Kipimo cha kwanza ambacho Mtanzania hukitumia ni haya. Kipindi cha jamaa, kwa desturi zetu, ni kile ambacho baba anaweza kukitazama pamoja na bintiye, au mkwe pamoja na mkaza mwana, pasiwepo wa kukohoa na kutoka nje kwa kisingizio. Huku Nyanda za Juu Kusini jambo hili si dogo. Miongoni mwa jirani zetu Wanyakyusa, kwa mila, baba mkwe na mkaza mwana waliepukana hata njiani. Kwa kipimo hicho vipindi vya mbwa vyashinda bila taabu: havina uchi, havina matusi ya mapenzi. Lakini kipimo hiki, ijapokuwa ni chema, hakitoshi. Aibu si ya mwili peke yake. Iko aibu ya moyo, nayo yaweza kumkuta mzee sebuleni mwake hali picha yenyewe haina doa.

Aibu hiyo ilitukuta sisi. Jioni moja nyumbani Tunduma tulikuwa tukitazama kipindi cha namna hiyo pamoja na jamaa wa nyumba. Mbwa alikuwa akitolewa katika mtaro wa maji machafu, katika mji wa mbali. Mjukuu wetu, mwanafunzi wa darasa la tano, alitazama hadi mwisho, kisha akageuka akauliza: "Babu, wale waliouawa mtaani kwetu walikuwa na kosa gani?" Majuma machache kabla ya hapo mbwa wazururao katika mtaa wetu walikuwa wamepigwa risasi alfajiri, na watoto waliokuwa wakienda shule waliona mizoga kabla haijazolewa. Sisi tulikuwa miongoni mwa wazee walioombwa maoni, nasi tuliridhia. Tulimjibu mtoto kuwa mbwa wale walikuwa hatari, kwa kuwa mtu alikuwa ameumwa. Akauliza tena, kwa adabu: "Walikuwa wamechanjwa?" Swali hilo alilipata katika kipindi, maana humo kila mbwa aokolewaye hudungwa sindano kwanza. Hatukuwa na jibu, kwa sababu hapakuwa na mmoja wetu aliyekuwa ameuliza.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba kipindi cha kigeni kilikuwa kimemfundisha mtoto wetu kuuliza swali ambalo wazee wake, kwa umri wao wote, hawakuliuliza. Tusiharakishe, basi, kuita kila kitokacho nje kasumba. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alitutaka tutafute yaliyo bora katika mila zetu, na hapo hapo akatukumbusha kuwa taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine hujidhuru lenyewe.

Wala huruma kwa mbwa si ngeni kwetu. Wawindaji wa zamani wa nchi hii walikwenda porini na mbwa wao, na mbwa hakurudi bila fungu lake. Waislamu miongoni mwetu, ingawa wamefunzwa kuwa mate ya mbwa ni najisi, wamefunzwa pia katika mapokeo ya Mtume habari za mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Wakristo husoma katika Injili ya Luka kuwa masikini Lazaro alipolala mlangoni kwa tajiri, mbwa ndio waliomwendea na kumlamba vidonda. Taifa nalo limesema: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Huruma, basi, tunayo. Tulichopungukiwa ni kuitumia kwa huyu aliye mlangoni.

Hata hivyo upo upande wa pili, nao yatupasa kuutazama kwa uaminifu ule ule.

Kwanza, husemwa kwamba ni kufuru kumlilia mbwa ilhali wako watoto wa watu wasio na chakula. Hoja hii ina uzito, hasa kwa mtu apitaye sokoni Tunduma jioni na kuona watoto wa mitaani wakigombania mabaki pamoja na mbwa hao hao. Lakini tumchunguze asemaye hivyo: je, chakula alichomnyima mbwa amempa mtoto? Mara nyingi hakumpa yeyote. Huruma si debe la mahindi, kwamba ukimpimia huyu kibaba yule atapungukiwa. Ni kama misuli ya mkono, ambayo huzidi nguvu kwa kutumika. Kile kipindi cha Marekani tulichokitaja hutuonyesha jambo hili. Aliyetoka gerezani, ambaye jamii humwogopa, hupewa kazi ya kumlea mbwa ambaye jamii humwogopa, na wote wawili hupata nafasi ya pili. Anayekitazama vizuri hataacha kujiuliza anavyompokea jirani aliyetoka kifungoni.

Pili, na hili ni zito zaidi, huruma ya kutazama si huruma ya kutenda, na anayeizoea ile aweza kudhani ameitimiza hii. Kulia mbele ya picha hakugharimu kitu. Tena, pale machozi yanapoleta fedha, hujitokeza wa kuyatengeneza. Katika mitandao kumeenea picha za uongo, ambamo mtu humtia mtoto wa mbwa hatarini kwa makusudi, mbele ya chatu au ndani ya shimo, kisha akajifanya amempata kwa bahati na kumwokoa. Uovu huo ulifika mahali ambapo mwaka 2021 kampuni ya YouTube ilitangaza kuzipiga marufuku picha za namna hiyo. Hapa mtazamaji mwenye huruma ndiye mlipaji wa mtesaji. Huyu mtoto atajikingaje asipoelezwa na mtu mzima?

Tatu, kipindi kizuri huonyesha ujasiri wa mwokoaji lakini hakionyeshi kila mara maarifa yake. Siku chache baada ya jioni ile tuliyoieleza, mjukuu wetu alikutwa amepiga magoti pembeni ya lori lililoegeshwa, akimnyoshea mkate mbwa jike mwenye watoto. Mbwa alimparura na kumwuma mkono. Jeraha lilikuwa dogo kama alama ya mwiba. Tuliliosha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika kumi na tano, kama ipasavyo, kisha tukampeleka hospitali akaanza chanjo. Alipona. Lakini katika majuma yale ya sindano tulijua maana ya hofu, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 59,000 hufa kwa maradhi hayo kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba waumwao na mbwa washukiwao, wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Chanjo yenyewe si mpya: Louis Pasteur aliitumia kwa mtoto aliyeumwa na mbwa mwezi Julai 1885.

Je, tukio hilo lathibitisha kuwa kipindi hakifai? Tulidhani hivyo kwa siku mbili tatu, tukataka kukipiga marufuku nyumbani. Kisha tukatafakari tena. Mtoto hakuumwa kwa sababu alikuwa na huruma. Aliumwa kwa sababu sisi tulimwacha na huruma pasipo maarifa, na kwa sababu mbwa wa mtaa wetu hawana mwenyewe. Wataalamu wametueleza kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa ugonjwa hukatika, ilhali kuwaua ovyo hakuukomeshi. Kisiwa cha Pemba ni shahidi. Kwa kampeni za kuchanja mbwa ugonjwa ulitoweka huko mwaka 2014. Ukarejea mwaka 2016 kwa kuletwa kutoka nje ya kisiwa. Watu wakachanja tena, nao ukaondoka. Uokoaji huo uliwakomboa watu na mbwa kwa pamoja, wala haukuhitaji muziki wa kuliza watu. Ulihitaji daftari, sindano, sanduku la barafu, na wananchi waliowaleta mbwa wao kwa kamba.

Hukumu yetu basi ni hii. Vipindi hivyo vyafaa kwa jamaa, kwa masharti matatu. Sharti la kwanza, mtu mzima aketi na watoto hadi mwisho, wala asiitumie televisheni kama yaya. Sharti la pili, waulizane: nani aliyemtupa mbwa huyu, nani aliyepiga picha hii na kwa faida gani, na mwokoaji alijua nini kabla ya kunyosha mkono? Sharti la tatu, ambalo ndilo kubwa, kila kipindi kizae tendo, hata dogo: mbwa wa nyumbani apelekwe chanjo, bakuli lake litiwe maji safi, watoto wafundishwe kutomkaribia mbwa wasiyemjua wala mwenye kunyonyesha. Jamaa isiyoweza kutimiza hayo na iizime, maana itakuwa ikila utamu wa wema bila kuulima.

Kwa walimu twasema: msiogope kulileta jambo hili darasani. Ndani yake mna somo la uraia, la sayansi na la dini. Na kwa wanafunzi twasema: msipime ubora wa moyo kwa wingi wa machozi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema kutazama ni moyo.

Sisi nasi tuna deni. Mwaka huu katika mtaa wetu, ilipozungumzwa tena habari ya mbwa wazururao, tulisimama mkutanoni tukauliza lile swali la mtoto: je, wamechanjwa? Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mzee mmoja akasema kuwa yeye ana mbwa wawili, naye hajawahi kuwachanja. Akafuata wa pili, na wa tatu. Majina yakaanza kuandikwa, na la kwetu lilikuwa miongoni mwa yale ya mwanzo.