Kumjua Mtu Mezani

Mjomba wangu wa Mahurunga amecheza karata na wazee watatu walewale tangu mimi sijaanza shule. Mkeka mmoja, mwembe mmoja, mchezo mmoja: wahedi wa sitini. Kwa asiyeujua, karata ni 40, maana nane, tisa na kumi zinawekwa kando. Ree ina pointi 11, seti 10, halafu wanafuata wazungu, wa nne, wa tatu na wa pili, kila mmoja na thamani yake iliyo kwenye jina lake. Jumla ni 120, kwa hiyo anayefikisha 61 keshamaliza kazi. Shupaza, kopa, uru, pau, turufu: maneno yote haya ni ya Kireno, yamekaa pwani yetu muda mrefu mpaka tumesahau kwamba ni wageni. Sisi wa Mahurunga hatuna kisingizio cha kusahau, kwani ukivuka Ruvuma pale Kilambo uko tayari kwenye nchi ambayo Kireno ndiyo lugha ya ofisini.

Katika wazee wale yupo mmoja ambaye hawezi kuachia ree ya turufu. Akiipata, ataishika mpaka karata za mwisho, hata seti mbili zipite mbele ya macho yake zikichukuliwa na mwingine. Kila mtu anajua. Watoto wanaopita kwenda kuchota maji wanajua. Mjomba, akiona ree haijatoka na mzee yule ametulia mno, anaanza kumwaga seti zake mapema bila hofu, kwa sababu anajua mwenzake hatazikata. Miaka yote hiyo amekuwa akimfunga kwa ujanja huohuo, na miaka yote hiyo yule mzee hajabadilika.

Nilidhani nimeelewa somo. Nikaenda nalo mahali pengine.

Mimi nafanya kazi ya zamu za usiku Mtwara mjini, kazi ya kukaa macho zaidi kuliko kufanya. Simu ikawa rafiki, na kwenye simu nikajifunza poka, ile ya Texas yenye dau la kikomo. Najua dini yangu inasema nini kuhusu kamari, na sitetei. Nasimulia tu.

Poka hii ni hivi: unapewa karata mbili za siri, kisha tano zinafunuliwa mezani kwa awamu, tatu kwanza, halafu moja, halafu moja. Kuna raundi nne za kuweka dau. Kwenye mchezo usio na kikomo mtu anaweza kusukuma kila alichonacho katikati ya meza, ndiyo ile ya kwenye sinema. Kwenye mchezo wa kikomo huwezi. Meza yangu dau lilikuwa senti 50 raundi mbili za kwanza na dola 1 raundi mbili za mwisho, na kuongeza kuna mwisho wake. Hakuna anayekufa kwa pigo moja. Unamla mwenzako kama mchwa anavyokula mlango: leo huoni kitu, kesho huoni kitu.

Wachezaji wengi wamekimbilia mchezo usio na kikomo, kwa hiyo meza zetu zilikuwa na watu walewale kila usiku. Saba, nane, kumi. Sijui sura zao, lakini nawajua. Nilikuwa na daftari la kawaida la mistari, la shule, na kila mmoja nilimpa ukurasa wake. Huyu akiongezewa dau kwenye karata ya nne anatupa: mtishe hata ukiwa mkono mtupu. Huyu hatupi kamwe, anafuata kila dau apate kuona tu una nini: usimtishe, ngoja upate kitu, hata kidogo, kisha mlipishe kila raundi. Huyu akiongeza yeye, kimbia. Kazi yote ya mchezo wa kikomo dhidi ya wenyeji wa meza ni hiyo. Karata nzuri zinamjia kila mtu kwa zamu. Faida inatoka kwenye ukurasa wa daftari.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakiongozwa na Michael Bowling, walitangaza kwenye jarida la Science kwamba poka ya kikomo ya watu wawili imekwisha kutatuliwa. Programu yao, Cepheus, ilicheza peke yake dhidi ya nafsi yake kwa zaidi ya miezi miwili kwenye maelfu ya vichakato, mpaka ikakaribia ukamilifu kiasi kwamba maisha mazima ya mtu hayatoshi kuigundua kasoro yake kwa kucheza nayo. Jambo lililonishangaza si nguvu zake. Ni kwamba haikujui. Haina daftari. Ukiwa bingwa au mlevi, ukiwa umetoka harusini au msibani, itakucheza vilevile. Ukikosea unalipa, lakini haikutafuti ulipo udhaifu wako. Nami nikajiuliza kama hiyo ni heshima au ni ubaridi tu, na bado najiuliza.

Sasa nifike nilipotaka kufika.

Mmoja wa wenyeji wa meza yetu alikuwa mtu wa maongezi. Tulikuwa tunaandikiana kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, yeye wa nchi yake na mimi wa kwangu. Alikuwa mchezaji mzuri, mvumilivu, ukurasa wake kwenye daftari ulikuwa karibu mtupu kwa sababu sikuwa nimepata pa kumshika. Usiku mmoja akaandika kwamba yuko hospitali, mkewe amelazwa, madaktari hawamwambii kitu, na anacheza ili asifikiri. Nikamwandikia pole. Nilimaanisha.

Baada ya dakika ishirini hivi nikaona hatupi tena karata. Anafuata kila dau. Anafuata hata pale ambapo mtoto angejua amefungwa. Meza ilikuwa ya sisi wawili tu saa ile. Nikachukua kalamu, nikafungua ukurasa wake, nikaandika: usiku wa hospitali, anafuata kila kitu. Kisha nikaacha kumtishia, nikaanza kumlipisha. Jozi ndogo, dau. Ree tupu, dau. Kila raundi senti 50, dola 1, dola 1. Mpaka alfajiri nilikuwa nimechukua dola 31.

Dola 31 si hela ya kumtoa mtu roho. Lakini zilinikaa vibaya, na kwa siku kadhaa nilijitetea kwa hoja ambazo nadhani wengi tungezitoa. Kwanza, alikaa mezani kwa hiari yake. Pili, nilichofanya ndicho anachofanya mjomba chini ya mwembe: unamsoma mtu, unacheza kwa jinsi alivyo. Tatu, nisingemla mimi angemla mwingine.

Hoja hii ya tatu niliwahi kuisikia kwa sauti nyingine kabisa. Wasomaji wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa kangomba. Kwa wengine: ni kununua korosho ya mkulima kienyeji, mara nyingi kabla hata msimu haujafunguliwa, kwa kipimo cha chombo na kwa bei ya kutupa, wakati ndani kwake hamna kitu. Ni kinyume cha sheria. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara mwaka 2007 ulitarajiwa kuimaliza, na Novemba 2018, Rais Magufuli alipoagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walitakiwa waonyeshe mashamba yao kabla ya kulipwa, ili wa kangomba wanaswe. Haikuisha.

Na haiishi kwa sababu mtu wa kangomba si mgeni. Mgeni hawezi kazi ile. Ni jirani, anayejua nani ana mtoto anadaiwa sare, nani mama yake amepelekwa Ligula, nani ana ngoma ya mwanawe wa unyago na hana hata mchele. Analo daftari, pengine la kichwani. Anamfuata mtu siku hasa ambayo mtu yule hawezi kusema hapana, na anamwita ndugu. Ukimuuliza atakujibu: mbona nimemsaidia? Nisingekuwepo mimi, mtoto asingetibiwa. Nisingenunua mimi, angenunua mwingine. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Ndiyo maana jambo hili ni gumu.

Wapenzi wa fasihi watakumbuka kisa cha Dostoevsky, ambacho mimi nakiona ni kangomba ya St. Petersburg. Mwaka 1865 alikuwa amezama kwenye madeni, na mchapishaji mmoja, Stellovsky, alijua hivyo. Akampa rubo 3,000 kwa mkataba wenye jino: asipoleta riwaya mpya hadi tarehe 1 Novemba 1866, Stellovsky atachapa kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa chochote. Dostoevsky alibakiza mwezi mmoja tu. Akamwajiri msichana wa hatimkato, Anna Snitkina, akamsomea riwaya nzima kwa siku 26, na siku ya kukabidhi Stellovsky hayupo mjini, kaondoka. Mswada ukapelekwa kituo cha polisi ili ipatikane risiti. Riwaya yenyewe ni Mcheza Kamari. Kwa kila anayeisoma kama kitabu cha mtu aliyetawaliwa na gurudumu la bahati, ningeomba aisome pia kama kitabu kilichoandikwa na mtu aliyesomwa vizuri mno na mwenzake. (Anna alikuja kuwa mkewe mwaka uliofuata, kwa hiyo huwezi hata kusema hasara ilikuwa tupu. Maisha hayana adabu ya kuwa mfano mzuri.)

Basi tofauti iko wapi kati ya Stellovsky na mjomba? Wote wawili wanamjua mwenzao. Jibu langu la kwanza lilikuwa rahisi: tumia anachofanya mtu mchezoni, usitumie kilichompata nje. Ree isiyoachiwa ni tabia ya mchezaji. Mke hospitalini ni balaa la mtu. Nikaridhika nalo wiki nzima, kisha likaanza kunivunjikia mikononi. Kwani nilichokiona mezani ni nini? Mtu anayefuata kila dau. Asingeniandikia neno, ningemla vilevile na kulala usingizi. Na yule mzee wa ree, nani anajua ana nini nje ya mkeka kinachomfanya ashindwe kuachia kitu kizuri akikipata?

Nilipokwenda nyumbani kipindi cha mavuno ya mpunga nilikaa pembeni ya mkeka kama zamani. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, au hakikuwapo. Mzee wa ree macho yamemwishia. Kopa na uru, zote nyekundu, hazitofautishi tena vizuri. Na kila mjomba anapoweka karata chini anaitaja kwa sauti, taratibu, kama anajisemea: seti ya kopa. Mzungu wa tatu, uru. Wale wengine nao hivyohivyo. Hakuna aliyetangaza kanuni mpya. Dakika kumi baadaye ree ya turufu ilikuwa haijatoka, mzee ametulia mno, na mjomba akamwaga seti zake mbili moja baada ya nyingine, akizitaja kwa sauti nzuri kabisa ili mwenzake azione zikipita.

Usiku nikamsimulia habari ya hospitali. Nilitegemea aanze na haramu, na kweli alianza nayo, hakuipunguza. Kisha akanyamaza kidogo.

“Sasa mjomba, huyo mtu alijua kwamba unamwandika?”

“Hapana.”

“Huyu wetu anajua,” akasema. “Tunamwambia kila siku. Anatutukana, kisha anaishika tena.”

Nimelitafakari hilo kuliko vitabu vingi. Pale kwenye mkeka daftari liko wazi, kila mmoja ameandikwa na kila mmoja amesoma ukurasa wake. Anayetaka kubadilika abadilike, na asiyetaka anafungwa huku akijua anafungwa kwa lipi. Mimi nilikuwa na mtu aliyenipa siri kama mtu anavyompa mtu, nikaipokea kama mtu, nikasema pole, kisha nikaigeuza mkono wa pili. Sidhani kosa lilikuwa kumsoma. Lilikuwa kupokea kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, naye akiuona mmoja tu.

Lakini na hili pia lina tundu, nalijua. Baada ya siku kadhaa yule jamaa alirudi mezani, anafuata kila kitu kama mara ile. Nikamwandikia: unafuata kila dau, usiku huu huchezi, kalale. Nikatoka mezani. Akaandika asante. Nikabaki natazama kutoka nje, na haikupita hata dakika mmoja wa wenyeji wetu akakaa kwenye kiti changu, yule ambaye kwenye daftari nimemwandika kwamba hatishi bure. Niliangalia mikono sita hivi, kisha nikazima simu.

Siku hizi sichezi, ila daftari ninalo. Kurasa nyingi nimezichana kuwashia jiko. Ule wake nilishaushika mara mbili nikaurudisha.