Mtoto Akiuliza, Amekosa Heshima?

Jumapili iliyopita tulifundishwa kutoka Yoshua 4, habari za yale mawe 12 yaliyotolewa katikati ya Yordani. Wengi tulisema amina pale maji yaliposimama. Mimi nilikwama mahali padogo. Yoshua anasema mawe yawekwe ili siku za baadaye watoto waulize maana yake, na baba zao wawajibu. Kumbe Mungu hakulivumilia tu swali la mtoto. Alilitafuta, akaliwekea mawe.

Nilikwama kwa sababu siku nne kabla ya ibada hiyo nilikuwa nimemfunga mdomo kitinda mimba wangu, aliye gredi ya pili. Tulikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani chai, mvua inatishia, watu wamepanga foleni. Mizani ilisema 18, karani akaandika 17. Mtoto akanivuta shati: "Tata, mbona ameandika kumi na saba?" Wazee wakageuka kututazama. Nikaona aibu, nikamwambia, "Nyamaza! Wakubwa wako kazini." Na jibu lilikuwa rahisi kabisa: kilo moja ni ya gunia. Hesabu ya kutoa, ambayo mwalimu wake anahangaika kuifundisha kwa vijiti, ilikuwa inaning'inia mbele yetu, nami nikaifukuza.

Mbaya zaidi, alinyamaza kweli. Njia nzima hadi nyumbani, kimya. Na mwalimu wake alikuwa ameshaniambia kwamba mtoto huyu anajua majibu lakini hainui mkono. Mimi nikamjibu kwa fahari ati tumemlea vizuri, ni mpole.

Sasa hebu niwaulize: mtoto anayemuuliza mzazi, anamvunjia heshima?

Sisi Abagusii tuna jibu letu la zamani. Mtoto mzuri ni yule anayetumwa akaenda mbio. Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, Robert LeVine, alikuja Gusii pamoja na mkewe Barbara kuchunguza tunavyolea watoto. Katika kitabu cha 1994, yeye na wenzake walieleza kwamba mama Mgusii alimbeba mtoto wake na kumtuliza haraka akilia, lakini hakuzungumza naye sana kama mama wa Boston. Alitaka kwanza mtoto awe salama, halafu awe mtiifu. Huyo ni mama yangu kabisa, na sitamlaumu. Hakuwahi kuniuliza nimesoma nini shuleni. Lakini alinituma nihesabu ndizi kabla hajaenda soko la Kenyenya, na kwa Ekegusii sita ni isano na rimo, tano na moja, kwa hivyo nilijua kujumlisha kabla sijavaa kaptula ya shule. Wazee wetu walifundisha kwa kazi. Tulichoacha sisi ni ile kazi, tukabaki na "nyamaza" peke yake.

Tangu 2019, mtaala huu wa umilisi unamtaka mzazi ashiriki. Tumelalamika, na mimi pia, hasa usiku wa kutafuta manila na gundi. Lakini tulidhani kumsaidia mtoto ni kununua vitu. Kusema naye tukichuma chai hakuna duka linalouza.

Ndugu mmoja aliniambia, "Ukimzoesha maswali, kesho atakuuliza kwa nini aende kanisani." Neno hilo nimelifikiria sana, maana si la kipuuzi. Lakini soma Kutoka 12. Mungu anasema wazi kwamba watoto watauliza maana ya ibada ya Pasaka, na anawapa wazazi la kujibu. Haagizi wachapwe. Tena Luka 2 inatuonyesha Yesu, miaka 12, ameketi kati ya walimu akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Na sura hiyohiyo inasema alirudi Nazareti akawatii wazazi wake. Maswali na utii vilikaa ndani ya mtoto mmoja. Nadhani kinachotuuma si heshima. Tunaogopa kusema "sijui" mbele ya mtoto.

Nakubali, kuna kuuliza na kuna kujibizana. Mtoto anayesema "kwa nini mimi?" akitumwa maji hatafuti maarifa, anakwepa mtungi. Mzazi anaijua tofauti. Sauti peke yake inatosha.

Jumapili jioni nilimwomba mwanangu msamaha, jambo ambalo baba yangu hangefanya, nikamweleza habari ya gunia. Alisikiliza, hakusema kitu. Jumatano nikaenda naye tena kituoni. Ilibidi nianze mimi.

"Mizani inasema ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Na karani ataandika ngapi?"

Aliwatazama wazee kwanza, kisha mimi. "Ishirini na moja," akasema polepole. Mzee mmoja akacheka, si kwa ubaya.

Tulikuwa tumeshapita mto, karibu kufika nyumbani, aliposimama. "Tata, na kama gunia limenyeshewa?"

Nilimwambia sijui. Tumekubaliana tutaloweka moja Jumamosi, tuazime mizani ya jirani, tulipime.