Bamba Limefunguka, au Halikufungwa?

Mwanafunzi wa Kampala akivunja kikombe husema, "Kikombe kimevunjika." Hasemi uongo. Kauli ya kutendeka ni halali katika Kiswahili, na Waganda nao wanayo: okumenya ni kuvunja, okumenyeka ni kuvunjika. Lakini nauliza, walimu wenzangu: je, ni haki kuitumia pale ambapo mtendaji yupo?

Tuchukue mfano ulio mbali na darasa. Tarehe 11 Septemba 1991, ndege ya abiria aina ya Embraer 120, iliyokuwa ikitoka Laredo kwenda Houston, Marekani, ilisambaratika angani karibu na Eagle Lake, Texas. Watu wote 14 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba ukingo wa mbele wa bawa la mkia, upande wa kushoto, ulikosa skrubu 47 za juu. Usiku uliotangulia mafundi walikuwa wakibadilisha mipira ya kuzuia barafu. Mkaguzi mmoja wa zamu ya jioni, kwa moyo wa kusaidia, alipanda akafungua skrubu za pande zote mbili. Zamu ikabadilika. Wale wa usiku wakaimaliza kazi ya upande wa kulia. Habari za kushoto hazikuwafikia. Asubuhi ndege iliruka hadi Laredo ikafika. Ajali ikatokea katika safari ya kurudi. Marubani wasingeweza kuliona pengo hilo kwa kuizunguka ndege, maana mkia wake uko juu mno.

"Skrubu zilisahaulika." Zilisahauliwa na nani? Aliyezifungua hakuwa mvivu. Alikuwa akifanya hisani. Wa usiku hakusahau, kwani mtu hasahau asilolijua. Basi wako wanaosema kwamba kosa la namna hii halina mwenyewe, ni ajali tu. Mimi sikubali. Kusahau ni maumbile ya binadamu, na ndiyo sababu watu wakabuni daftari la makabidhiano. Anayefungua kitu amepokea amana, na amana hiyo haimtoki kwa saa ya zamu kugonga, bali kwa kumwambia anayeingia, au kumwandikia. Hatia naiona katika ukimya huo, hata pasipo nia mbaya.

Wala simaanishi kwamba adhabu kali ingetosha. Fundi ajuaye kwamba atafukuzwa akitamka "nimesahau" atajifunza upesi kusema "limefunguka", kama yule mtoto wa kikombe anayeogopa fimbo.

Taarifa ya uchunguzi iliwalaumu mafundi na wakaguzi kwa kutofuata utaratibu. Mjumbe mmoja wa bodi, John Lauber, aliandika maoni ya kupinga: alitaka uongozi wa juu wa shirika nao utajwe miongoni mwa visababishi, kwa kuwa haukujenga desturi ya kuuheshimu utaratibu huo. Yaani hata desturi mbaya ina mtendaji, ingawa huyo yuko ofisini na mikono yake haina grisi. Naona alikuwa na haki, japokuwa wenzake hawakumfuata.