Mapambo ya Chumba cha Kupanga

Kila kijana atokaye nyumbani kwa wazazi wake kwenda kutafuta maisha hukutana siku moja na chumba kitupu. Ufunguo u mkononi mwake, mlango u wazi, na mbele yake zimesimama kuta nne zisizo zake. Hapo huulizwa swali ambalo hakufundishwa shuleni: Je, yafaa kutia uzuri mahali pasipo pako, kwa fedha chache ulizo nazo? Swali hili ni dogo kwa sura, lakini ndani yake mna mambo ya kiasi, ya heshima ya nafsi, na ya wajibu wa mtu kwa wenziwe. Kwa hiyo lastahili kupimwa.

Miji ya Ruiru na Thika imejaa vyumba vya namna hiyo. Thika ni mji wa viwanda. Ruiru, ulio kati ya Thika na Nairobi, ulikuwa zamani mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya kahawa. Barabara ya Thika ilipopanuliwa, kazi iliyokamilika mwaka 2012, mashamba mengi yaligeuka viwanja, na juu ya viwanja yakaota majumba ya kupangisha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Ruiru watu wapatao 490,000. Vijana wengi huanza maisha huko katika chumba cha futi 10 kwa futi 10, ambacho ni jiko, sebule na malalo kwa wakati mmoja.

Nina wapwa wawili, wana wa dada zangu, waliopanga vyumba katika miji hiyo mwaka mmoja. Mkubwa alipanga Ruiru. Alinunua viti vikubwa vya sponji, televisheni iliyofunika nusu ya ukuta, karatasi za maua za kubandika, na taa zibadilikazo rangi. Sehemu ya gharama ilitoka katika mshahara, na sehemu kubwa katika mikopo ya simu. Rafiki zake walikuja, wakasifu, wakapiga picha. Mwezi wa tatu mama yake akatoka kijijini kwenda hospitali, akahitaji malazi ya siku mbili. Chumbani hapakuwa na nafasi ya kutandika hata mkeka. Viti havikuweza kusogezwa, kwani mlango usingefunguka. Mama yule, mgonjwa, alilala ameketi. Kulipopambazuka alisema tu, "Usijali, mwanangu, nimezoea." Mpwa wangu aliniambia kwamba maneno hayo yalimwumiza kuliko simu zote za wadai.

Mdogo alipanga Thika, upande wa Makongeni. Yeye alinijia kwanza kwa shauri. Nilikuwa nimekwisha kusikia habari za mwenzake, nikamwambia kwa sauti ya mwalimu, "Usitie senti yako katika ukuta wa mtu. Weka akiba." Alinitii. Baada ya mwaka nilimtembelea. Nilikuta godoro sakafuni, nguo juu ya misumari, masizi ukutani, na gunia dirishani badala ya pazia. Nikamsifu kwa kiasi chake, nikamwuliza amefikisha akiba gani. Akainama. "Mjomba," alisema, "akiba haipo. Chumba hiki hakikaliki. Nikitoka kiwandani saa kumi na moja sipendi kurudi humu. Huenda nikakaa na watu hata usiku, na kukaa na watu kuna gharama yake."

Nilirudi nyumbani kimya. Nilikuwa nimempa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kumpoteza mtu mbali kuliko uongo, kwa sababu huifuata kwa imani. Ni kweli kwamba ukuta ni mali ya mwenye nyumba. Lakini siku zipitazo kati ya kuta zile ni mali ya mpangaji, na siku hazirudishwi kama ufunguo. Kijana asemaye, "Nitaishi vizuri nitakapojenga kwangu," huenda akaishi vibaya miaka kumi, na miaka hiyo ikamzoesha uchafu na upweke hata akavihamishia katika nyumba yake mwenyewe.

Basi wapwa wangu wote wawili walikosa, nami nilikosa pamoja nao. Mmoja alipamba kwa ajili ya macho ya watu. Mwingine hakupamba kwa ajili ya mtu yeyote, hata nafsi yake. Wahenga wamesema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hatuna budi kuuliza: Uzuri wa chumba ni wa nani, nao hufanya kazi gani?

Naona uzuri huo una ngazi tatu, na apandaye ya tatu kabla ya ya kwanza huanguka. Ya kwanza ni uzima. Chumba kisicho na hewa si kizuri hata kikipambwa kwa hariri. Mwezi wa Julai, baridi ikizidi, wako watu wanaofunga dirisha na kulala na jiko la makaa ndani. Moshi wenye sumu wa makaa hauonekani wala hauna harufu, nao huua mtu usingizini. Dirisha lifungukalo ndilo pambo la kwanza.

Ngazi ya pili ni nafasi ya mtu mwingine. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza jinsi Wakikuyu walivyojenga nyumba kwa siku moja, jirani wakisaidiana. Mwanamume alikuwa na thingira yake, ambamo alipokea wageni. Ukubwa haukuwa sharti la ukarimu. Nafasi ya mgeni ilifikiriwa tangu mwanzo. Chumba kisichoweza kumlaza mama hakijakamilika, hata kama kimejaa.

Ngazi ya tatu ndiyo uzuri wenyewe, nao una akili yake. Tazama nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa katika karne ya 18. Dari zilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba vilikuwa vyembamba. Mafundi hawakuvijaza vitu. Walichonga zidaka katika chokaa ya ukuta, safu juu ya safu, wakaweka humo vyombo vya kauri. Ukuta ukapata kina, na sakafu ikabaki wazi. Somo hilo lafaa Makongeni kama lilivyofaa Lamu: chumba kidogo hupambwa kwa kupandisha vitu ukutani na kuacha mahali pa mguu.

Tulianza upya na mpwa wangu mdogo kwa Jumamosi mbili. Tuliomba idhini ya mwenye nyumba, tukakwangua masizi, tukapaka rangi nyeupe, maana rangi nyeupe huurudisha mwanga. Kioo tulikitundika mkabala wa dirisha. Fundi wa jua kali alitengeneza kitanda kirefu cha miguu, na sanduku likaingia chini yake. Rafu moja ilibeba vitabu, nyingine sufuria. Pazia lilishonwa na mama yake, ambaye pia alituma kitambaa alichokifuma kwa mkono. Hicho ndicho kitu cha pekee kisichokuwa na kazi, nacho ndicho alichokipenda zaidi. Tangu hapo alianza kurudi kwake mapema. Yule wa Ruiru aliuza viti vyake kwa hasara, akalipa deni, akanunua benchi pana iwezayo kulaliwa.

Lakini haki yataka niseme yaliyofuata. Mpwa wangu mdogo alipohama Thika, mwenye nyumba alikitazama chumba cheupe chenye rafu, akamwongezea kodi mpangaji aliyeingia. Kijana aliudhika. "Mjomba," aliniuliza, "je, sikumdhuru mwenzangu kwa kupaka rangi?" Sikuwa na jibu la haraka. Leo nadhani kosa ni la yule aliyeuza kazi isiyokuwa yake. Lakini namsifu kijana kwa kuuliza, maana mwaka mmoja nyuma asingemfikiri mpangaji mwingine hata kidogo.

Nawe, msomaji, ambaye leo una kitanda kimoja katika bweni na sanduku chini yake, usingoje chumba. Katika chuo cha ualimu nilikuwa na futi chache tu kati ya kitanda changu na cha jirani, na humo nilijifunza kukunja blanketi, kufungua dirisha, na kuacha mahali mgeni aweza kuketi. Siku utakapopewa ufunguo, keti kwanza sakafuni katika chumba kitupu, ujiulize ni nani atakayelala hapa akija mgonjwa. Ukisha kumpatia nafasi, tundika picha yako.