Kwa Nini Twapenda Kusoma Habari za Aibu ya Wengine?

Mwalimu mmoja wa Kipaimara alinijia na kitabu alichokikuta mkononi mwa binti wa darasa lake. Kilikuwa kitabu cha hadithi cha Kiingereza, habari za mabibi na makabaila wa London wa zamani, na picha ya jalada ilimtia mwalimu haya. Akaniuliza, “Mzee, je, yampasa Mkristo kusoma mambo haya?” Nikakichukua ili nikipime. Nakiri mbele yenu ya kuwa nilikisoma usiku kucha, hata majogoo wakawika.

Kitabu hicho kiliandikwa na bibi wa Marekani, Julia Quinn, kikatoka mwaka 2000. Na tangu Desemba 2020 habari zake zimeonyeshwa katika filamu iitwayo Bridgerton, ndiyo sababu vijana wanakijua. Walakini hadithi za namna hii zilikuwako zamani. Georgette Heyer, Mwingereza, alitoa Regency Buck mwaka 1935, na wengi wamefuata nyayo zake. Mambo yao hutukia hasa kati ya 1811 na 1820, wakati mwana wa Mfalme George III alipotawala badala ya baba yake mgonjwa. Na kiini chake ni kimoja. Binti ana jina jema, kisha aonekana bustanini usiku pamoja na bwana fulani, na kwa dakika chache tu jina lile li hatarini. Kaka yake ataka kupigana na yule bwana kwa bastola. Katika kitabu hiki liko na gazeti dogo la umbeya, nalo mwandishi wake ajiita Bibi Whistledown, wala hapana amjuaye. Kila mtu alinunua, na kila mtu aogopa kujikuta ndani yake.

Msidhani ya kuwa hofu ile ilibuniwa tu. Binti wa watu wakubwa hakuwa na kazi ya kumlisha. Ndoa ilikuwa chakula chake na dari yake. Mwaka 1753 bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kwamba ndoa ifungwe kanisani, baada ya matangazo au kwa hati maalum, na aliye chini ya miaka 21 aliyeoa au kuolewa kwa hati awe na ruhusa ya baba. Uskoti haikuwa chini ya sheria hiyo. Basi wapenzi waliokataliwa walikimbilia Gretna Green, kijiji kilicho mara baada ya mpaka, na binti akikamatwa njiani kabla ya kufungishwa ndoa, hakuwa na pa kurudi. Dada zake nao hawakuposwa tena.

Sasa, utamu u wapi? Wengi husema ni tamaa ya mwili. Sikatai kwamba imo, na kurasa nyingine niliziruka. Lakini tamaa haielezi kwa nini msomaji hukasirika mabibi wanaponong’ona nyuma ya vipepeo vyao, wala kwa nini hufurahi hata machozi jina la binti linaporudishwa. Mimi naona ni hivi: mwandishi humweka msomaji mahali pa juu sana. Mji wote waona nguo iliyokunjamana. Msomaji peke yake aujua moyo wa binti. Ajua alikwenda bustanini kwa nini, na alisema nini, na alilia lini. Mahali pale si pa mwanadamu, kwa maana ajuaye mioyo ni Mungu peke yake. Kwa saa chache twaazimwa macho yasiyo yetu, na kwa macho yale ni rahisi mno kuwa mwenye haki na mwenye huruma.

Jane Austen alilijua jambo hili kuliko waliomfuata. Katika Pride and Prejudice, kilichotoka mwaka 1813, Lydia Bennet, binti wa miaka 16, atoroka na askari Wickham. Nyumba yao yapelekewa barua na jamaa yao, Collins, naye ni mchungaji. Asema kwamba kufa kwa binti kungekuwa afadhali. Ndoa ilipokwisha kufungwa, aandika tena ya kuwa imempasa baba kuwasamehe kama Mkristo, ila asiwakubali mbele ya macho yake wala majina yao yasitajwe masikioni mwake. Wasomaji wamemcheka Collins zaidi ya miaka mia mbili. Sisi tulio na kazi kanisani tumcheke polepole. Na Lydia mwenyewe si mtakatifu aliyeonewa; ni msichana mpumbavu, mwenye kosa kweli. Austen hakutupa faraja ya kumhurumia asiye na hatia.

Mambo yaliyotendeka kweli hayamalizikii katika arusi. Bibi Caroline Norton, mtunga mashairi, aliolewa mwaka 1827 akazaa wana watatu. Mwaka 1836 mume wake akamshtaki Lord Melbourne, waziri mkuu, kuwa amezini naye, akadai paundi 10,000. Bibi hakuruhusiwa kusema neno, kwa kuwa mbele ya sheria yeye hakuwa upande wowote wa shauri lile. Wanaume wawili walishindana juu ya jina lake naye hayupo. Wazee wa baraza walimwachilia Melbourne hata bila kutoka kwenda kushauriana. Je, jina la bibi lilisafishwa? Waziri aliendelea na uwaziri wake. Mama alinyimwa watoto, kwa maana sheria iliwahesabu kuwa mali ya baba. Alipigania jambo hilo kwa maandiko, na mwaka 1839 bunge likampa mama haki ya kuomba alee watoto walio chini ya miaka 7. Mwanawe mdogo alianguka kutoka juu ya farasi mwaka 1842, na mama alipofika alikuwa amekwisha kufa.

Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, katika kuieleza amri ya nane haikomei kukataza uongo. Yatutaka tumtetee jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Tena katika Katekisimo Kubwa yeye afundisha kwamba kuijua dhambi ya mtu hakunipi ruhusa ya kuihukumu wala kuitangaza. Luther hakudhani ya kuwa tutaazimwa macho ya Mungu. Aliandika kwa ajili ya watu waonao nguo iliyokunjamana tu, kama Yusufu alivyoiona mimba ya Mariamu asiijue habari yake. Naye, kabla malaika hajamwambia neno, alikuwa amekwisha kukusudia kutomwaibisha.

Nasema haya kwa kuwa wiki ile ile ya kitabu baraza letu la wazee lilikutana. Likaletwa jina la binti mmoja wa kwaya. Alionekana mahali fulani, saa fulani. Mzee mmoja akasema asimame kando ya kwaya na meza ya Bwana. Tukatikisa vichwa. Nami nilitikisa, macho yangu bado mazito kwa usiku ule nilioupoteza kwa kumlilia binti wa London asiyepata kuishi. Wetu hakuna aliyekuwa amemwuliza neno lolote.

Niliikumbuka njiani, karibu na nyumbani, nikageuza baiskeli. Mchungaji alikubali shauri lianzwe upya, kwa taratibu ya Mathayo 18, mtu mmoja akamwone peke yake kwanza. Aliyetumwa ni mama mmoja mzee, si mimi. Mwalimu wa Kipaimara nimemrudishia kitabu, nikamwambia amrudishie mwenyewe, kisha amwulize kama yeye angesimama upande gani wa chumba cha ngoma siku ile.

Najua baadhi yenu mwataka kusikia yule binti wa kwaya alijibu nini. Mimi pia nilitaka, nikamwuliza mchungaji. Akanimiminia chai.